Barabara Namba 2 ya California: Njia ya Mji na Milima

Mwanafunzi akiifungua ramani ya Marekani upande wa magharibi, katika jimbo la California, ataona mstari mwembamba wenye namba 2. Mstari huo huanza karibu na pwani ya Bahari ya Pasifiki, hupenya katikati ya mji wa Los Angeles, hupanda milima ya San Gabriel, na mwisho hushuka ukingoni mwa jangwa. Urefu wake wote ni kama kilomita 140. Kwa kidole ni safari ya kufumba na kufumbua.

Lakini anayeufuata mstari huo kwa makini atakuta mambo ya ajabu. Mahali pengine namba inapotea barabarani, kisha inatokea tena mbele. Pengine barabara pana ya njia nyingi inakoma ghafla na kuyamwaga magari yake katika mtaa wa kawaida. Na huko juu milimani iko sehemu ambayo kila mwaka, baridi ikiingia, hufungwa kwa muda wa miezi mitano hivi, wala gari haliruhusiwi kupita.

Katika makala haya tutaifuata barabara hiyo toka mwanzo hata mwisho, tukiwa na swali moja: ni nani, au ni kitu gani, kinachoamua barabara ipite wapi? Wengi wetu hudhani ya kuwa ni mhandisi na rula yake. Kweli mhandisi ndiye anayechora. Lakini mlima una neno lake, fedha ina neno lake, na watu nao wana neno lao. Wala maneno ya watu wote hayapewi uzito mmoja.

BARABARA YA JIMBO NI NINI?

Kwanza yafaa tuelewe jina lenyewe. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina serikali yake, bunge lake na hazina yake. Mitaa midogo ni mali ya mji au wilaya. Barabara zinazounganisha mji na mji, au wilaya na wilaya, mara nyingi ni mali ya jimbo, nazo hupewa namba. Zipo pia barabara kuu zinazovuka majimbo mengi, ambazo hujengwa kwa msaada mkubwa wa fedha za serikali ya nchi nzima. Sheria iliyozianzisha ilipitishwa mwaka 1956.

Barabara Namba 2 ni ya jimbo la California. Mwenye kuitunza ni idara ya uchukuzi ya jimbo hilo, inayojulikana kwa jina la Caltrans. Kazi ya idara hiyo ni kuweka lami, kuchora mistari, kuondoa mawe yaliyoanguka na kufunga njia penye hatari. Lakini sheria inaruhusu jimbo kuukabidhi mji sehemu ya barabara, ikiwa mji wenyewe wakubali kuitunza. Ndiyo sababu namba inapotea njiani. Miji ya Santa Monica, West Hollywood na Beverly Hills imekwisha kabidhiwa vipande vyao. Kila mji ulitaka uhuru wa kupanga mataa, miti, vituo vya basi na njia za miguu bila ya kuomba ruhusa kwa jimbo. Msafiri haoni tofauti kubwa, kwa sababu lami ni ile ile, lakini mwenye kulipa gharama amebadilika.

SAFARI YA MJINI

Upande wa magharibi barabara yetu hufuata mtaa mkubwa uitwao Santa Monica Boulevard. Mtaa huu una historia ndefu. Tangu mwaka 1936 ulikuwa pia sehemu ya mwisho ya Route 66, ile barabara mashuhuri iliyotoka Chicago na kuwaleta maelfu ya watu California, wengi wao wakikimbia ukame na ukosefu wa kazi. Mwaka 1964 jimbo lilizipanga upya namba za barabara zake, na namba 66 ikaondolewa katika mtaa huu. Hatimaye, mwaka 1985, ilifutwa rasmi katika nchi nzima.

Zamani, kabla ya motokaa kushinda, njia hii ilikuwa ya reli za umeme za kampuni ya Pacific Electric. Magari yake mekundu yalikuwa yakiwachukua watu toka mjini mpaka pwani. Katika Beverly Hills alama yake ingali iko. Mtaa umegawanyika kuwa mbili zinazokwenda sambamba, mkubwa na mdogo, kwa sababu katikati yake reli ndiyo iliyokuwa ikipita. Reli imeng'olewa, lakini mtaa umeendelea kuitii.

Kabla ya kufika Beverly Hills tunaiona Century City, mtaa wa majumba marefu ya kioo. Ardhi yake ilikuwa kiwanja cha kampuni ya sinema ya 20th Century Fox, iliyouza sehemu kubwa mwaka 1961 ilipokuwa na haja ya fedha. Baada ya Beverly Hills na West Hollywood tunaingia Hollywood yenyewe. Hapa wageni wengi hutazamia fahari kubwa. Wanakuta maduka madogo, vituo vya mafuta, karakana, na makaburi ya zamani walipozikwa wachezaji wengi wa sinema. Watu wa asili mbalimbali wanaishi hapa bega kwa bega. Mji wa Los Angeles peke yake, bila ya kuhesabu miji jirani, ulikuwa na watu karibu milioni 3.9 katika sensa ya mwaka 2020.

Hata hapa mwendo ni wa taratibu. Kila hatua chache pana taa, njia panda, basi linaloshusha abiria, mtu anayetafuta mahali pa kuegesha gari. Namba barabarani ni ya barabara kuu, lakini maisha ni ya mtaa. Kwa nini basi jimbo lenye utajiri kama huu halikujenga njia pana ya moja kwa moja? Jawabu lipo hatua chache mbele.

NJIA PANA ILIYOKATIKA

Wamarekani wanayo aina moja ya barabara waiitayo friwei. Ni barabara pana isiyo na njia panda wala taa. Magari huingia na kutoka kwa njia za pembeni, na mitaa mingine hupita juu yake au chini yake kwa madaraja. Kuanzia miaka ya 1940, na zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, California ilichora ramani ya friwei nyingi sana, kama wavu wa mvuvi uliotandazwa juu ya mji mzima.

Katika ramani hizo, Barabara Namba 2 ilipaswa kuwa friwei toka magharibi mpaka chini ya milima. Upande wa mashariki ilijengwa kweli. Ni Glendale Freeway, iliyojengwa kwa vipande kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 hata miaka ya 1970. Upande wa magharibi ilipaswa kuitwa Beverly Hills Freeway, nayo ingepita katika Hollywood, West Hollywood na Beverly Hills. Haikujengwa hata kidogo.

Wenyeji wa huko walikataa. Waliona ya kuwa nyumba zitabomolewa, kelele na moshi vitaingia vyumbani, na mji utakatwa vipande viwili kama embe. Wataalamu walijaribu kutafuta suluhisho. Walifikiri hata kuichimbia friwei chini na kuifunika. Lakini kila suluhisho liliongeza gharama, na kila mwaka uliopita uliifanya ardhi kuwa ghali zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 mpango huo uliondolewa katika ramani.

Matokeo yake yanaonekana hata leo. Glendale Freeway, kwa upande wa kusini, haifiki kwenye friwei ya Hollywood iliyokusudiwa kuungana nayo. Inakoma katika mtaa wa Echo Park, na magari yote humwagika katika Glendale Boulevard penye nyumba na maduka. Naye msafiri atokaye Hollywood hana budi kuifuata friwei nyingine kwa kitambo kuelekea kusini mashariki, kisha kutoka, kugeuka kaskazini na kupita katika mitaa ya kawaida, ndipo aipate tena Barabara Namba 2 iliyo pana.

Mtu aweza kusema: vema, wananchi walisema, na serikali ikasikia. Ndivyo inavyopasa. Lakini tusiiache habari hii nusu. Katika miaka ile ile, mji ule ule, friwei nyingine zilipita bila kuzuilika. Kusini kidogo ya njia yetu palikuwa na mtaa wa Sugar Hill, walikoishi Wamarekani Weusi waliofanikiwa: madaktari, wafanya biashara, wachezaji wa sinema. Mwaka 1945 watu hao walishinda mahakamani walipotaka majirani wazungu kuwatoa katika nyumba zao kwa sababu ya rangi. Lakini mahakama haikuweza kuwasaidia katika habari ya barabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Santa Monica Freeway ilipitishwa katikati ya mtaa wao, na nyumba nyingi nzuri zikabomolewa. Huko Boyle Heights, mashariki ya mji, walikoishi wafanya kazi, wengi wao wenye asili ya Mexico, friwei kadhaa zilikutanishwa mahali pamoja, zikala sehemu kubwa ya ardhi ya mtaa.

Watu wa Boyle Heights na Sugar Hill nao walilalamika. Hawakuwa na fedha, mawakili na wajumbe kama wa Beverly Hills. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Katika habari hii barabara ndiyo iliyowapisha wenye nguvu, ikawakanyaga wanyonge. Kwa hiyo tukiitazama ramani ya Los Angeles tusidhani ya kuwa mahali penye friwei palichaguliwa kwa sababu ya udongo na vilima peke yake, wala mahali pasipo na friwei paliachwa kwa bahati. Ramani hiyo ni kumbukumbu ya nani alisikilizwa.

KUELEKEA MILIMANI

Toka Echo Park, Glendale Freeway huuvuka mto wa Los Angeles, ambao kwa sehemu kubwa umejengewa kingo za zege ili usifurike. Kisha hupanda kati ya vilima mpaka hukutana na Foothill Freeway, yaani friwei ya chini ya milima. Barabara Namba 2 husafiri pamoja na friwei hiyo kwa kitambo kifupi, kisha huachana nayo katika mji mdogo wa La Cañada Flintridge. Hapo jina hubadilika kuwa Angeles Crest Highway, na safari ya milimani huanza.

Mabadiliko ni ya ghafla. Dakika chache nyuma kulikuwa na mataa na maduka; sasa barabara ina njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, nayo inajikunja juu ya korongo la Arroyo Seco. Chini huko, penye mdomo wa korongo, ndipo ilipo maabara ya Jet Propulsion Laboratory, wanakotengeneza vyombo vya kusafiri angani. Pande zote ni msitu wa serikali. Hifadhi ya kwanza ya msitu katika California ilitangazwa katika milima hii mwaka 1892, hasa kwa ajili ya kulinda vyanzo vya maji ya mabonde ya chini.

Ujenzi wa Angeles Crest Highway ulianza mwaka 1929 ukamalizika mwaka 1956. Muda wa miaka 27 kwa barabara ya kilomita 106 hivi. Vita Kuu ya Pili iliisimamisha kazi. Moja ya makusudi ya kuijenga ilikuwa kuwawezesha wazima moto kufika ndani ya msitu. Jingine, kuwapa watu wa mjini nafasi ya kupumzika milimani. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wafungwa waliokaa katika kambi kando ya njia. Walivunja mawe kwa baruti, wakachonga kingo za mlima, wakajaza mabonde. Vilele na vilango vya milima hii vina majina ya watu mbalimbali, lakini majina ya wafungwa wale hatuyaoni katika ramani.

KWA NINI BARABARA YA MLIMA HUZUNGUKA?

Wanafunzi huuliza: kwa nini barabara ya mlimani isinyoke? Tufanye hesabu ndogo. La Cañada Flintridge, penye friwei, ni yapata mita 400 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu kabisa pa barabara, paitwapo Dawson Saddle, ni kama mita 2,400. Tofauti ni mita 2,000. Tuseme mhandisi anataka gari lipande mita 6 kwa kila mita 100 za mwendo, maana mwinamo mkali zaidi huchosha injini wakati wa kupanda na huunguza breki wakati wa kushuka. Ili kupanda mita 2,000 atahitaji mita 33,000 na zaidi, yaani zaidi ya kilomita 33 za kupanda tu, bila ya kuhesabu mahali barabara inaposhuka ili ipande tena. Kama mlima wenyewe hautoi nafasi ya kilomita hizo kwa mstari ulionyoka, hana budi kuikunja barabara. Kila kona tunayoiona ni urefu ulioongezwa ili ukali upungue.

Tena mhandisi hufuata mistari ya kontua. Hukata upande mmoja wa mlima na kujaza upande wa pili, ili apate kibao cha kupitisha gari. Penye mwamba uliojitokeza ambao hauwezi kuzungukwa, hutoboa handaki. Karibu na kilango cha Islip yapo mahandaki mawili yanayofuatana. Penye bonde la maji hutia kalavati au daraja. Na anapotafuta mahali pa kuvukia, hachagui kilele bali penye kipindo kati ya vilele viwili, pafananapo na tandiko la farasi. Ndiyo maana majina mengi njiani yana neno lenye maana ya tandiko.

Katika njia panda ya Red Box, mita 1,400 hivi juu ya bahari, tawi moja hutoka kwenda mlima Wilson. Huko George Ellery Hale alianzisha kituo cha kutazama nyota mwaka 1904. Darubini yake kubwa yenye kioo cha upana wa mita 2.5 ilianza kazi mwaka 1917, wakati barabara yetu haijaanzwa; vyombo vilipandishwa kwa njia nyembamba ya zamani. Kwa darubini hiyo, katika miaka ya 1920, Edwin Hubble alionyesha ya kuwa wingu la Andromeda si sehemu ya kundi letu la nyota, bali ni kundi jingine lililo mbali mno. Kisha mwaka 1929 alionyesha ya kuwa makundi yaliyo mbali zaidi hutukimbia kwa kasi zaidi. Basi mlimani hapa ndipo binadamu alipotambua ukubwa wa ulimwengu.

Kupita Red Box barabara huendelea kupanda katikati ya misonobari. Huvuka Cloudburst Summit, hushuka Islip, hupanda tena Dawson Saddle, kisha hushuka Vincent Gap na Big Pines mpaka mji mdogo wa Wrightwood. Baadaye hukutana na Barabara Namba 138 penye ukingo wa jangwa la Mojave, na hapo ndipo mwisho wake. Msafiri aliyeanza karibu na bahari amepita mji, msitu na theluji, akafika jangwani, pengine kwa siku moja.

MLIMA UNA NENO LA MWISHO

Nimesema pengine kwa siku moja, kwa sababu mara nyingi haiwezekani.

Milima ya San Gabriel haikutulia. Upande wake wa kaskazini, karibu kabisa na Wrightwood na Big Pines, unapita ufa mkuu wa ardhi uitwao San Andreas. Hapo mabamba mawili makubwa ya ganda la dunia, la Pasifiki na la Amerika ya Kaskazini, yanasuguana yakipita moja kando ya jingine. Katika sehemu hii ufa umepinda, na kwa hiyo mabamba husukumana pia, na milima huinuliwa juu. Miamba imepondwapondwa kwa muda wa mamilioni ya miaka. Inaonekana imara kwa macho, lakini imejaa nyufa. Baridi ikija, maji yaliyomo katika nyufa huganda na kutanuka, nayo huyasukuma mawe mpaka yakaanguka.

Kwa sababu hiyo sehemu kati ya Islip na Vincent Gap hufungwa kila majira ya baridi, toka Desemba hivi mpaka Mei, kwa kuogopa theluji inayoporomoka na mawe. Iko barabara jirani, Namba 39, iliyopanda toka bonde la kusini ikakutana na yetu pale Islip. Maporomoko ya mwaka 1978 yaliikata sehemu yake ya juu, na hata leo magari ya watu wote hayapiti hapo.

Moto nao husaidiana na maji. Mnamo Agosti 2009 moto uliowashwa na mtu kwa makusudi karibu na Angeles Crest Highway uliteketeza zaidi ya ekari 160,000 za msitu na vichaka. Wazima moto wawili walipoteza maisha yao. Baada ya moto mkali, udongo haunywi maji kama kawaida, wala hakuna mizizi ya kuushika. Mvua za miezi iliyofuata ziliteremsha matope na mawe. Barabara ikaharibika, na mnamo Februari 2010 matope yaliingia katika nyumba za watu wa La Cañada Flintridge. Moto mwingine mkubwa ulikuja mwaka 2020, na dhoruba za majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 zikakata tena sehemu za juu. Katika mioto yote miwili, wa 2009 na wa 2020, kituo cha nyota cha mlima Wilson kilikuwa hatarini kikaokolewa na wazima moto waliofika huko. Hapo tunaona ya kuwa shabaha ile ya mwaka 1929 haikuwa ya bure.

Mteremko wenyewe pia ni hatari. Aprili 2009 lori kubwa lililobeba magari lilishuka toka milimani, breki zikashindwa, likaingia katika mji wa La Cañada Flintridge penye njia panda yenye magari mengi. Watu wawili waliuawa. Wenyeji walikuwa wamekwisha toa maonyo kabla ya siku hiyo. Baada ya msiba, malori makubwa yalikatazwa kuitumia njia hiyo ya mlima. Mwinamo uliokuwa mzuri kwa gari dogo haukufaa kwa mzigo mzito. Na kona zilizopunguza ukali zilikuwa zimeurefusha muda wa kushika breki.

KUJENGA NA KUTUNZA

Barabara Namba 2 ilimalizwa milimani mwaka 1956. Lakini tukihesabu miezi ya kufungwa, madaraja yaliyojengwa upya, kuta za kuzuia udongo na mawe yaliyozolewa, twaweza kusema ya kuwa kazi haijamalizika hata leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko milimani yapasa kuziba ufa kila mwaka, na ukuta kujenga pia. Wapo wanaouliza kama inafaa kutumia fedha nyingi kwa njia ambayo huhudumia zaidi watu wa matembezi. Wengine hujibu ya kuwa msitu huu, ambao sehemu yake kubwa ilitangazwa kuwa hifadhi ya ukumbusho wa taifa mwaka 2014, ndio bustani ya mamilioni ya watu wa mjini wasio na bustani nyingine, na ya kuwa pasipo barabara moto ungekuwa mkali zaidi. Swali hilo si la mhandisi peke yake. Ni la kila alipaye kodi.

Sasa twaweza kulijibu swali letu la kwanza. Mlimani, ardhi ndiyo inayoamua. Mtu huomba njia. Mlima humpa kwa masharti, na asiyeyatimiza masharti hunyang'anywa. Mjini, watu ndio wanaoamua, na hapo ndipo penye hatari ya namna nyingine. Kwa maana mwamba haumpendelei tajiri wala maskini, lakini baraza lililokaa na ramani mezani laweza kufanya hivyo.

Barabara zinajengwa karibu na kila shule na kila kijiji. Mwanafunzi anayetaka kujifunza jiografia asingoje atlasi. Na aitazame barabara iliyo jirani naye, aulize: kwa nini imepinda hapa? Maji ya mvua hupita wapi? Lori zito likishuka, litasimama wapi breki zikikatika? Nyumba za nani zilibomolewa ili ipite, na je, wenyewe waliulizwa, wakalipwa? Ni nani atakayeizibua mifereji yake mwaka kesho? Aulizaye maswali hayo leo darasani ndiye atakayekaa kesho katika halmashauri, au atakayeishika kalamu ya mhandisi. Ni heri ayazoee mapema, kabla hajapewa rula.